Sidi Mubarak Bombay: Mtembezi aliyewafikisha Wazungu kwa Kabaka

JUA linapoelekea kuzama jijini Kampala na watu kutoka kazini, si ajabu kukutana na kundi la watu waliovalia fulana, kaptura na raba wakipanda mlima mmoja na kuteremka mwingine. Baadhi yao hukimbia, wengine hutembea tu wakipiga gumzo. Hufuata alama zilizoachwa njiani na mwenzao aliyetangulia, wakapita migombani, vichochoroni na kando ya vinamasi. Safari yao huishia kwenye baa, ambako kiu hukatwa, nyimbo huimbwa na aliyepotea njia huchekwa.

Hao ni wanachama wa klabu ya Kampala Hash House Harriers. Mtindo wao ulianzia Kuala Lumpur, Malaya, mwaka wa 1938, ulipoanzishwa na mhasibu Mwingereza, Albert Gispert, pamoja na marafiki zake. Gispert aliuawa vitani Singapore mwaka wa 1942, lakini mchezo wake ulienea duniani hadi ukafika Afrika Mashariki.

Hata hivyo, kutembea kwa makundi katika milima hiyo, huku watu wakisimama hapa na pale kunywa pombe, si jambo lililosubiri kuletwa na Gispert. Mnamo Februari 1862, miaka 76 kabla ya klabu hiyo ya Kuala Lumpur kuzaliwa, msafara uliotoka Zanzibar uliingia katika mji mkuu wa Buganda kwa miguu, baada ya kunywa pombe ya ndizi katika vijiji vingi vya njiani.

Mzungu aliyekuwa mkuu wa msafara huo aliitwa John Hanning Speke. Jina lake lingali Kampala. Kuna Barabara ya Speke, kuna Hoteli ya Speke katikati ya jiji, na kuna hoteli kubwa yenye jina hilo hilo huko Munyonyo, ufuoni mwa ziwa.

Lakini aliyejua ni nani kati ya wapagazi amechoka na nani ametoroka, aliyebeba salamu hadi kwa wafalme na kurudi na majibu, alikuwa Mwafrika aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Wengi wanaolala katika hoteli hizo hawajawahi kulisikia jina lake.

Atekwa akiwa mtoto

Bombay alizaliwa yapata mwaka wa 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na eneo ambalo sasa ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mamake alifariki yeye akiwa bado mchanga, kwa hivyo alilelewa na babake kijijini. Kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa wakiishi kwa raha hadi alipofikisha umri wa miaka 12 hivi.

Siku moja wafanyabiashara kutoka pwani walifika wakiwa na watumwa wao, wote wamejihami kwa mapanga na bunduki. Walikizingira kijiji wakidai walipwe papo hapo madeni ya nguo na shanga walizokuwa wamewakopesha wenyeji. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Mlio wa bunduki ulipasua hewa, na watu ambao hawakuwa wameuzoea wakatawanyika kila upande kuokoa roho zao.

Mvulana huyo alikuwa miongoni mwa walionaswa. Hakumwona tena babake. Aliswagwa pamoja na mateka wengine hadi Kilwa, akauzwa Zanzibar, kisha akapelekwa Bara Hindi. Huko alimtumikia bwana mmoja kwa miaka mingi. Bwana huyo alipofariki, Bombay akapata uhuru wake.

Jina tunalomjua nalo alilipata katika maisha hayo ya ugenini. Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika, na Bombay ni mji mkubwa wa pwani ya magharibi ya nchi hiyo, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Kwa maneno mengine, aliporudi Zanzibar akiwa mtu huru, alikuwa akibeba mabegani jina la nchi aliyopelekwa bila hiari yake.

Lakini alirudi pia na kitu chenye faida: lugha ya Kihindustani. Wakati huo hakujua kwamba lugha hiyo ndiyo ingembadilishia maisha.

Askari wa Chogwe

Akiwa Zanzibar, Bombay aliingia katika jeshi la Sultani na kupelekwa Chogwe, kituo kidogo kilichokuwa kando ya Mto Pangani. Maisha ya hapo yalikuwa ya njaa na uvivu. Askari walikaa tu wakisubiri mishahara ambayo haikutosha.

Mnamo Februari 1857, Waingereza wawili walipita hapo. Mmoja alikuwa Richard Burton na wa pili alikuwa Speke. Wote wawili walikuwa wamewahi kuwa maafisa katika jeshi la Waingereza nchini India, na Speke hakujua Kiswahili. Walipogundua kwamba askari huyo mfupi mwenye meno yaliyochongwa alikuwa akizungumza Kihindustani, walimchukua papo hapo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumbebea Speke bunduki. Kabla ya muda mrefu kupita alikuwa mkalimani, mpimaji wa posho, mpatanishi wa ugomvi na muuguzi. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu yeyote, alimhesabu Bombay kuwa johari ya msafara wao.

Waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora Novemba mwaka huo na Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa, naye Speke alikuwa karibu kupofuka. Waliporejea Tabora, Burton alibaki kupumzika. Speke na Bombay walielekea kaskazini, na mnamo Agosti 3, 1858, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza, wakaliona ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Speke aliliita Victoria, kwa heshima ya malkia wake.

Speke aliamini kuwa hapo ndipo Mto Nile unapoanzia. Burton alikataa kukubali, na wakafarakana. Ili kuthibitisha dai lake, Speke alilazimika kurudi. Na aliporudi Zanzibar mwaka wa 1860, safari hii akiwa na mwenzake James Grant, mtu wa kwanza aliyemhitaji alikuwa Bombay.

Msafara na mitungi

Kutembea na msafara katika karne ya 19 hakukuwa matembezi ya kujifurahisha. Wapagazi walibeba mizigo ya nguo za amerikani, shanga na nyaya za shaba, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kila mtawala alidai hongo kabla ya kuwaruhusu wapite. Vita vilipozuka Unyamwezi, wapagazi walitoroka kwa makumi, na msafara wa Speke ukakwama kwa miezi kadhaa.

Palipo na kituo cha kulala, palikuwa na pombe. Unyamwezi ilikuwa pombe ya mtama, na kuanzia Karagwe kuelekea kaskazini ikawa ya ndizi. Baganda huiita mwenge, na wengi siku hizi huiita tonto. Ndizi za aina ya mbidde huvundikwa hadi ziive, kisha hukamuliwa kwa miguu au mikono zikiwa zimechanganywa na nyasi. Maji yake matamu huongezwa unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke usiku kucha ndani ya mtumbwi wa mbao uliofunikwa kwa majani ya migomba. Asubuhi kinywaji huwa tayari, na hutiwa vibuyuni.

Mgeni aliyeheshimiwa hakuachwa aketi bila kibuyu mbele yake. Kwa mkalimani kama Bombay, kukataa kungekuwa tusi kwa mwenyeji. Habari za njia, za vita na za kiasi cha hongo kinachotakiwa mbele, zilipatikana watu wakinywa pamoja. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika katika mikutano ya aina hiyo.

Si kwamba alikunywa kwa sababu ya kazi tu. Bombay aliipenda pombe, na baadhi ya waajiri wake waliliandika jambo hilo. Kabla ya kufika Karagwe alilewa na kugombana vikali na Baraka, mwenzake aliyekuwa akishindana naye kwa cheo, hadi msafara ukagawanyika makundi mawili. Alipoleuka, alirudi kazini.

Novemba 1861 walipokewa vizuri na Rumanika, mfalme wa Karagwe. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akaachwa huko. Mnamo Januari 10, 1862, Speke na Bombay walianza safari ya kuelekea kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza.

Kuingia Buganda

Walichokikuta Buganda kiliwashangaza. Barabara zilikuwa pana na zilizonyooka, zikipanda mlima na kushuka bondeni bila kupinda. Nyumba zilikuwa safi na migomba imepandwa kila mahali. Katika kijiji kimoja walikuta ngoma zikipigwa usiku na mchana kwa siku mbili mfululizo ili kumfukuza pepo, wazee wakiwa wamejipaka udongo mweupe na kupakata mitungi ya pombe.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na upande mwingine. Wageni wa Kabaka walikuwa na haki ya kula chochote walichokikuta njiani. Msafara ulipokaribia, wanavijiji wengi walikimbia wakaacha nyumba zao wazi, na watu wa Speke wakajitwalia ndizi, mbuzi na pombe bila kulipa hata ushanga mmoja. Bombay naye alikuwa mmoja wao. Mwanamume aliyetekwa akiwa mtoto kwa sababu ya madeni ya kijiji chake, sasa alikuwa akinywa pombe ya watu waliokimbia makwao.

Mnamo Februari 19, 1862, waliwasili Banda, uliokuwa mji mkuu wa Mutesa wakati huo. Leo Banda ni sehemu ya jiji la Kampala, kando ya barabara ya kuelekea Jinja, karibu na Chuo Kikuu cha Kyambogo. Magari ya abiria hupita hapo mchana kutwa. Wakati huo mlima mzima ulikuwa umejaa nyumba kubwa za nyasi na nyua za matete.

Siku iliyofuata Speke aliitwa ikulu. Alipoambiwa asubiri juani, alikasirika akarudi zake kambini, akimwagiza Bombay aziache zawadi chini na kumfuata. Wakuu wa Kabaka hawakuwa wamewahi kuona mtu akimpa mgongo mfalme wao, wakamkimbilia Speke kumbembeleza. Siku hiyo kosa dogo lingeweza kuwagharimu wote maisha yao, kwani katika ikulu hiyo watu walipelekwa kuuawa kwa makosa madogo mno.

Mazungumzo yenyewe yalihitaji subira. Speke alizungumza na Bombay. Bombay aliyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili na kumpa mkalimani mwingine, Nasib, aliyejua Luganda. Nasib naye hakuruhusiwa kumweleza Kabaka moja kwa moja, ila kupitia kwa mkuu wa ikulu. Jibu lilirudi kwa ngazi hizo hizo. Mara nyingi, kabla jibu halijafika, Kabaka alikuwa ameshageukia jambo jingine.

Walikaa huko hadi Julai. Kwa miezi hiyo Bombay alitumwa ikulu mara kwa mara, akingojeshwa langoni na wakati mwingine kurudi mikono mitupu. Vijumbe wa Kabaka hawakuisha kambini wakitaka bunduki, baruti au dawa.

Kwa Namasole, mamake Kabaka, mambo yalikuwa ya furaha zaidi. Muganzirwazza alikuwa mwanamke mwenye mamlaka na aliyependa sherehe. Aliwakaribisha wageni kwa muziki na vibuyu vya pombe. Siku moja aliagiza pombe ijazwe katika hori la mbao, akainama na kunywa moja kwa moja kutoka humo huku wakuu wake wakishangilia. Watu wa msafara hawakuwa na sababu ya kulalamika.

Jino lililong’olewa

Ni katika nchi hiyo ya Uganda ambapo Bombay alipata alama aliyoibeba mdomoni hadi kaburini. Siku moja alibishana na Speke kuhusu amri iliyohusu kambi. Speke, aliyekuwa amechoshwa na miezi ya kusubiri, alimpiga ngumi ya uso mbele ya wenzake.

Bombay aliona aibu kuliko maumivu. Alikuwa kiongozi wa watu hao, na wote walikuwa wametazama. Aliondoka kwa hasira, lakini hatimaye walipatana. Miaka tisa baadaye, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokutana naye kwa mara ya kwanza, jambo alilolitambua haraka lilikuwa pengo kwenye meno ya juu. Stanley aliliandika kama kichekesho.

Julai 7, 1862 msafara uliruhusiwa kuondoka Banda. Grant, aliyekuwa amewafikia Mei, alipelekwa Bunyoro kwa njia ya mkato. Speke na Bombay walikwenda mashariki hadi mtoni. Walipouona Mto Nile, Speke alijawa na furaha akawahimiza watu wake wanyoe nywele na kuoga katika maji hayo, kwa kuwa ni mto mtakatifu uliomlea Nabii Musa.

Bombay hakutikisika. Alimweleza kwamba wao hawakuyatazama mambo kwa macho hayo. Wao walitosheka na maisha ya kawaida, na kama jambo lilikwenda vizuri au vibaya, yote yalikuwa mapenzi ya Mungu. Speke aliliandika jibu hilo katika kitabu chake. Pengine hakutambua kwamba mtu aliyeuzwa utotoni alikuwa na haki ya kutoshangilia mto.

Mnamo Julai 28 walifika Jinja, mahali maji ya ziwa yanapomiminika na kuwa mto. Maporomoko hayo, ambayo Speke aliyaita Ripon, yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa na kufunguliwa mwaka wa 1954.

Walipokwama tena kwa mfalme Kamrasi wa Bunyoro, aliyetangulizwa kaskazini kutafuta msaada alikuwa Bombay. Alirejea Novemba akiwa amevalia nguo mpya za pamba alizopewa kwenye kituo cha wafanyabiashara, na habari kwamba njia ilikuwa wazi. Februari 15, 1863 msafara ulifika Gondokoro, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini.

Kati ya wote waliotoka pwani, ni Waafrika 18 pekee waliofika Cairo wakiwa na Speke na Grant. Walipigwa picha, kisha wakasafirishwa kwa meli kupitia Aden, Mauritius na Seychelles hadi Zanzibar. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtunuku Bombay nishani ya fedha, na wenzake wakapewa za shaba. Speke mwenyewe alifariki Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake alipokuwa akiwinda Uingereza.

Kutoka bahari hadi bahari

Bombay angeweza kupumzika. Lakini mwaka wa 1871 Stanley alifika Zanzibar akitafuta watu wa kumsaidia kumsaka Dkt David Livingstone, ambaye alikuwa hajulikani aliko. Alimteua Bombay kuwa mkuu wa askari wa msafara. Hawakuelewana sana, kwani Stanley alikuwa mwepesi wa kutumia fimbo. Hata hivyo, Novemba mwaka huo walimkuta Livingstone Ujiji, na jina la Stanley likavuma duniani kote.

Mwaka wa 1873 ilikuwa zamu ya Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada. Walikuwa Tabora mnamo Oktoba wakati Chuma na Susi walipowasili na maiti ya Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo. Chuma na Susi walikataa, wakaendelea na safari hadi pwani.

Wenzake Wazungu wa Cameron walirudi au wakafa, lakini yeye aliamua kusonga mbele. Bombay, aliyekuwa sasa na miaka zaidi ya 50, alisonga naye. Walipita Ujiji, wakavuka ziwa, wakafika Nyangwe kwenye Mto Lualaba mwaka wa 1874, kisha wakageukia kusini-magharibi. Cameron naye alilalamika kuwa Bombay alilewa na kwamba aliwalegezea watu kamba.

Mnamo Novemba 1875 waliifikia Bahari ya Atlantiki huko Katombela, karibu na Benguela nchini Angola. Kwa miguu yake, Bombay alikuwa amelivuka bara zima la Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Miaka 12 awali alikuwa amelipita kutoka Bahari ya Hindi hadi Misri akifuata Nile. Ni watu wachache mno wa zama zake, weusi kwa weupe, waliokuwa wametembea kiasi hicho. Inakadiriwa kuwa safari zake zote zilifikia kilomita 9,600, nyingi zikiwa za miguu.

Kuanzia mwaka wa 1876, Shirika la Jiografia lilimlipa pensheni ndogo. Aliishi Zanzibar hadi alipofariki Oktoba 12, 1885. Kabaka Mutesa alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, akazikwa Kasubi. Mwaka huo wa 1885 ndio mkutano wa Berlin ulipomalizika, na mataifa ya Ulaya yakaanza kugawana nchi ambazo Bombay alikuwa amewapitisha watu wao. Alikufa kabla ya kuona matokeo. Mnamo Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alifika Buganda na kujenga ngome juu ya kilima cha Kampala, na mji wa leo ukaanzia hapo.

Kumbukumbu

Ugumu wa kuyasimulia maisha ya Bombay ni kwamba karibu kila tunachokijua kumhusu kimetoka kwa waliomlipa. Yeye hakuandika kitabu. Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron waliandika, wakauza, wakatukuzwa. Walipotaka kumsifu, walisema ni mwaminifu. Walipotaka kumlaumu, walitaja pombe.

Lakini ukiyasoma maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, utaona jambo moja. Mlevi asiyefaa haajiriwi na misafara minne mikubwa katika muda wa miaka 18. Zaidi ya Mzungu mmoja aliyefika Zanzibar akitaka kuingia bara alimtafuta Bombay, ingawa alikuwa ameshasoma lawama za mwenzake aliyemtangulia. Walijua kuwa bila mtu wa kuongea na wapagazi usiku, kuketi na wenyeji na kuvumilia kungojeshwa kwenye malango ya wafalme, ramani zao zingebaki tupu.

Tena hao waliomlaumu walikunywa pombe hiyo hiyo, katika vijiji hivyo hivyo, na mara nyingi bila kuilipia.

Siku hizi mtu akitembea Kampala jioni, akipanda kutoka barabara ya Jinja kuelekea Banda, atapita maduka, vibanda vya chapati na vilabu ambako watu huketi kuuzunguka mtungi wa malwa wakinywa kwa mirija mirefu. Ni mteremko ule ule ambao mwanamume mfupi mwenye meno yaliyochongwa alikuwa akiupanda na kuushuka kila siku mwaka wa 1862, akipeleka salamu ikulu na kurudi na majibu kambini.

Katika klabu za matembezi, anayetangulia kuweka alama za njia ndiye anayepewa kinywaji cha kwanza na kupigiwa makofi. Bombay alitangulia mbele ya wote, na bado anasubiri makofi yake.